KURA YA JAJI SI KURA NDOGO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Tunaichapa kama ilivyosomwa, kwa faida ya wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya mapambano ya watu weusi wa Marekani. Mapambano hayo ni marefu, na anayetaka kuyasimulia yote itambidi aanze na marikebu za watumwa, na usiku huu hautamtosha. Kwa hivyo nimechagua mlango mmoja tu, ambao hata katika Marekani kwenyewe watu wengi hupita mbele yake bila ya kuutazama. Nao ni uchaguzi wa majaji wa Mahkama za Juu za majimbo.

Huenda mmoja wenu akauliza: Je, jaji naye hupigiwa kura? Kwetu sisi, tangu zama za Mwingereza, jaji huteuliwa na wakubwa, na raia wa kawaida humjua siku anaposimama kizimbani. Marekani mambo si hivyo. Na kabla sijaendelea, nitakaposema "jimbo" nina maana ya moja katika yale majimbo 50 yaliyoungana yakafanya dola ya Marekani, kila moja na Gavana wake, Baraza lake la Kutunga Sheria, katiba yake na mahkama zake. Sina maana ya jimbo la uchaguzi kama tulitumiavyo neno hilo hapa. Hilo nitaliita "sehemu ya uchaguzi".

Basi Marekani zipo mahkama za namna mbili. Ziko za dola nzima, ambazo majaji wake huteuliwa na Rais, wakathibitishwa na Baraza la Seneti, na kukaa katika viti vyao maisha. Na ziko za majimbo. Katika majimbo 38, majaji wa Mahkama ya Juu ya jimbo hupitia mikononi mwa wapiga kura kwa njia moja au nyingine: ama hushindana kama washindanavyo wajumbe wa Baraza, ama huteuliwa kwanza na baadaye raia wakaulizwa kama wabaki au watoke.

Msidhani kwamba mahkama hizi za majimbo ni ndogo kwa kazi. Katika kila kesi kumi zinazofunguliwa Marekani, zaidi ya tisa hufunguliwa katika mahkama za majimbo. Kesi za mauaji na wizi, talaka na malezi ya watoto, mwenye nyumba anayemtoa mpangaji, mfanyakazi anayedai haki yake, yote hayo huko ndiko yaamuliwako. Juu ya hayo, Mahkama ya Juu ya jimbo ndiyo yenye neno la mwisho juu ya maana ya katiba ya jimbo. Na katiba ya jimbo ndiyo isemayo nani apige kura na kura ihesabiwe vipi.

Ndugu zangu, kwa muda mrefu mtu mweusi wa Marekani alipodhulumiwa na jimbo alilazimika kukimbilia mahkama za dola nzima, kwa sababu katika majimbo ya Kusini jaji, mwendesha mashtaka na mwenye kutunga sheria walikuwa kitu kimoja. Kumpelekea wao mashtaka kulikuwa ni ile kesi ya nyani kumpa ngedere aihukumu. Tarehe 6 Agosti 1965 ikatiwa saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Sheria hiyo iliyalazimisha majimbo yenye historia ya dhulma yaombe idhini Washington kabla ya kubadili chochote katika taratibu zao za uchaguzi. Hiyo ilikuwa ngao kubwa.

Walakini ngao hiyo ilitobolewa. Katika mwaka 2013, Mahkama Kuu kabisa ya dola, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilibatilisha kifungu kilichoonyesha ni majimbo gani yaombe idhini, na tokea hapo sharti la idhini likawa halina nguvu. Kisha katika mwaka 2019, mahkama hiyo hiyo ikasema kwamba mahkama za dola hazina uwezo wa kusikiliza malalamiko ya chama kinachokata mipaka ya sehemu za uchaguzi kwa hila ili kijihakikishie ushindi. Anayelalamika, ikasema, na aende akaitazame katiba ya jimbo lake.

Fikirini maana ya maneno hayo. Mlango mmoja umefungwa nusu, na aliyeufunga amewaonyesha watu mlango mwingine. Nyuma ya mlango huo wa pili wamekaa majaji wanaochaguliwa. Basi mtu ambaye zamani aliweza kusema, "Uchaguzi wa majaji wa jimbo haunihusu," leo hawezi tena kusema hivyo.

Sasa niwachukue katika North Carolina, jimbo ambalo khabari zake zinatufundisha zaidi kuliko maelezo yoyote. Katika mwaka huo huo wa 2013, mara tu baada ya ile ngao kutobolewa, Baraza la jimbo hilo lilitunga sheria ya kudai vitambulisho na kupunguza siku za kupiga kura. Katika mwaka 2016, mahkama ya rufaa ya dola iliibatilisha, kwa kuwa iliona kwamba sheria hiyo ilikusudiwa kuwalenga wapiga kura weusi. Baraza halikukata tamaa. Likaja na sheria nyingine ya kitambulisho chenye picha, na likachora mipaka mipya ya sehemu za uchaguzi. Na safari hii mambo yakafika mbele ya Mahkama ya Juu ya jimbo, yenye majaji saba.

Mnamo Februari 2022, majaji wanne dhidi ya watatu walisema kwamba mipaka ile ilikatwa kwa hila na kwamba katiba ya jimbo hairuhusu. Uchaguzi wa Novemba 2022 ukafanywa kwa mipaka iliyotengenezwa kwa amri ya mahkama, na wajumbe 14 ambao jimbo hilo hupeleka katika Bunge la Marekani wakatoka saba kwa saba. Mwezi Disemba mahkama ikaibatilisha na sheria ya kitambulisho pia.

Lakini katika uchaguzi huo huo wa Novemba viti viwili vya majaji vilikuwa vikishindaniwa, na vyote viwili vikaenda upande wa pili. Majaji wapya wakaapishwa Januari 2023. Mahkama ikakubali kuzisikiliza upya kesi zilizokwisha hukumiwa. Na tarehe 28 Aprili 2023, kwa siku moja, majaji watano dhidi ya wawili wakapindua hukumu ya mipaka, wakapindua na hukumu ya kitambulisho. Siku hiyo hiyo, katika kesi ya tatu, wakaondoa amri ya mahkama ya chini iliyowaruhusu kupiga kura watu waliokwisha toka gerezani lakini wangali chini ya uangalizi. Watu hao walikuwa wapatao 56,000. Mahkama ya chini ilikuwa imeona kwamba watu weusi walikuwa 21 kwa mia ya watu wazima wa jimbo, na zaidi ya 42 kwa mia ya wale walionyimwa kura kwa sababu hiyo.

Ndugu zangu, katika zile kesi mbili za kwanza katiba ilikuwa ile ile, wala herufi moja haikubadilishwa. Ushahidi ulikuwa ule ule. Waliobadilika ni watu wawili katika viti viwili. Mipaka mipya ikachorwa Oktoba 2023, na katika uchaguzi wa 2024 ile saba kwa saba ikageuka kumi kwa wanne. Na katika Oktoba 2025 Baraza likaichora mipaka tena, na safari hii likaigusa sehemu ya kaskazini mashariki ya jimbo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikipeleka wajumbe weusi katika Bunge la Marekani.

Katika jimbo hilo hilo alikuwapo Jaji Mkuu Cheri Beasley, mwanamke mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho. Yeye ndiye aliyeandika hukumu moja ya mwaka 2020 juu ya Sheria ya Haki ya Rangi, sheria iliyomruhusu mtu aliyehukumiwa kufa aonyeshe kwamba ubaguzi uliingia katika kesi yake. Baraza liliifuta sheria hiyo mwaka 2013, lakini mahkama ikasema kwamba haki aliyokwisha ipata mtu chini ya sheria hiyo haiwezi kunyang'anywa baadaye. Miezi michache baadaye, Novemba 2020, Bibi Beasley alishindwa katika uchaguzi. Zilipigwa kura zaidi ya milioni tano, naye akapungukiwa na kura 401. Sisemi kwamba kiti kile kimoja kingelizuia yote yaliyofuata. Nasema tu kwamba kura 401 ni watu wasiokijaza kiwanja kimoja cha mpira.

Na katika mwaka 2024 mambo yakawa karibu zaidi ya hapo. Jaji Allison Riggs alishinda kwa kura 734. Mshindani wake akataka kura za watu zaidi ya 65,000 zitupwe, wengi wao kwa sababu ya kasoro za maandishi katika daftari la wapiga kura, kasoro ambazo wao wenyewe hawakuzijua. Kesi ilikokotwa miezi sita, ikapanda na kushuka, mpaka mahkama ya dola ilipoamuru mwezi wa Mei 2025 kwamba ushindi uthibitishwe. Anayedhani kwamba kiti cha jaji ni kitu kidogo na awaulize wale waliokipigania miezi sita.

Sasa tuingie Louisiana. Humo karibu mtu mmoja katika kila watatu ni mweusi, na Mahkama ya Juu ina majaji saba. Hata hivyo, mpaka kufika mwaka 1992 hakuna mtu mweusi aliyewahi kuchaguliwa katika mahkama hiyo. Hila haikuwa ngumu. Mji wa New Orleans, wenye weusi wengi, uliunganishwa na wilaya tatu za jirani zenye weupe wengi, na sehemu hiyo moja kubwa ikachagua majaji wawili. Kura za mji zikazama kama chumvi ndani ya maji. Wananchi wakashtaki. Jimbo likajitetea kwa hoja ya ajabu: kwamba Sheria ya Haki ya Kupiga Kura huwahusu "wawakilishi", na jaji si mwakilishi wa mtu. Katika mwaka 1991 Mahkama Kuu ya dola iliikataa hoja hiyo, ikasema kwamba sheria ile inauhusu uchaguzi wa majaji pia. Yakafanywa mapatano, na katika 1992 Revius Ortique akachaguliwa, jaji mweusi wa kwanza wa mahkama hiyo.

Baada yake akaja Bibi Bernette Joshua Johnson, aliyechaguliwa 1994. Ilipofika zamu yake ya kuwa Jaji Mkuu, palitokea waliosema kwamba miaka yake ya mwanzo isihesabiwe kwa kuwa aliingia kwa njia ya yale mapatano. Ikahitajika kesi nyingine ndipo akakikalia kiti chake, mwaka 2013.

Na faida yake ilikuwa nini? Sikilizeni. Mtu mmoja mweusi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kujaribu kuiba mkasi wa kukatia ua, katika mwaka 1997, kwa kuwa alikuwa na makosa ya zamani. Mwaka 2020, akiwa amekwisha kaa gerezani zaidi ya miaka ishirini, rufaa yake ilifika mbele ya mahkama hiyo. Majaji watano, wote wanaume weupe, wakakataa kuisikiliza. Jaji Mkuu Johnson peke yake ndiye aliyeandika kupinga. Akaeleza kwamba sheria iliyomfunga mtu huyu ina ukoo mmoja na zile sheria zilizotungwa baada ya utumwa kuisha, za kumtia jela maskini mweusi kwa kuiba mfugo ili arudishwe katika kazi ya bure. Sauti yake haikutosha kubadili hukumu, lakini ilisikika nchi nzima, na mnamo Oktoba ya mwaka huo mtu yule akaachiliwa kwa masharti. Ukaona, ndugu yangu: hata jaji mmoja aliyeshindwa kwa idadi ana kazi, maana asingekuwapo, jambo lile lingepita kimya kimya.

Mississippi ni jirani wa Louisiana. Huko watu weusi ni kama 38 kwa mia, na hakuna jimbo linalozidi hapo. Mahkama ya Juu ina majaji tisa, watatu kutoka katika kila sehemu tatu, ambazo mipaka yake ilichorwa mwaka 1987. Mpaka mwaka 2025, katika historia yake yote, mahkama hiyo ilikuwa imepata majaji weusi wanne tu, tena si kwa pamoja bali mmoja baada ya mwingine, wote kutoka sehemu moja ya katikati, na wote waliingia kwanza kwa kuteuliwa na Gavana. Mnamo Agosti 2025 jaji wa mahkama ya dola alisema kwamba mipaka hiyo inavunja Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Alabama nako majaji tisa huchaguliwa na jimbo zima. Tangu mwaka 2001, walipoondoka majaji wawili weusi walioshindwa katika uchaguzi wa 2000, hakujaingia mweusi mwingine kwa kura, ilhali zaidi ya robo ya watu wa jimbo ni weusi.

Kuna na jambo la fedha. Wenye mali wameitambua thamani ya viti hivi kabla ya wanyonge. Katika Wisconsin, mwezi wa Aprili 2025, uchaguzi wa jaji mmoja tu uligharimu kiasi cha dola milioni 100, na tajiri Elon Musk pamoja na makundi yake walitumia zaidi ya dola milioni 20. Mgombea waliyemsaidia alishindwa, na Jaji Susan Crawford akapita kwa kura nyingi. Lakini fedha haishindwi kila mara. Katika jimbo hilo hilo, mwaka 2008, Jaji Louis Butler, mweusi wa kwanza katika mahkama hiyo, aling'olewa baada ya tangazo la televisheni lililouweka uso wake kando ya uso wa mhalifu mweusi, ili mtazamaji aunganishe mawili hayo moyoni mwake.

Ndugu Mwenyekiti, zipo hoja mbili za upande wa pili, na haifai kuzikimbia.

Ya kwanza ni kwamba jaji hafai kupigiwa kura kabisa, kwa sababu anayeiogopa kura ataiogopa na haki. Hoja hii ina uzito. Jaji anayeitafuta kura ya watu wenye hasira huweza kumzidishia kifungo mnyonge ili aonekane mkali. Mimi sikuja hapa kusema kwamba njia yao ni bora kuliko ya wengine. Lakini maadamu sheria ya jimbo imesema majaji watachaguliwa, hakuna faida kwa mtu mweusi kukaa nyumbani akisubiri sheria bora. Watachaguliwa vivyo hivyo, na wengine.

Ya pili ni kwamba rangi ya jaji si dhamana ya insafu. Hilo ni kweli tupu. Katika hukumu ya 2013 iliyoitoboa ngao, jaji mweusi pekee wa Mahkama Kuu ya dola, Clarence Thomas, alikuwa pamoja na wale watano. Na Jaji Riggs, ambaye upande wake wapiga kura weusi wengi walikuwa, ni mweupe. Anachodai mtu mweusi ni kwamba kura yake iwe na uzito katika kumweka jaji, kama ilivyo kura ya mwingine, na kwamba awepo katika mahkama hata mtu mmoja anayejua sheria fulani ilizaliwa wapi na kwa ajili ya nani.

Sasa ugonjwa uko wapi? Uko katika karatasi ya kura yenyewe. Juu yake liko jina la Rais, chini yake Gavana, na mbali kabisa huko chini yako majina ya majaji. Watu wengi hutia alama juu, wakatosheka, wakaondoka. Na katika majimbo mengine uchaguzi wa majaji hufanywa katika miezi ambayo hakuna Rais wa kuchaguliwa, na vituo huwa vitupu. Wazee wetu walisema: Asiyekuwapo na lake halipo.

Sisi watu wa visiwa hivi hatuhitaji kufunzwa hayo na Marekani. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Na katika Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya 54 kwa mia ya kura na kikapewa viti 13 katika viti 31. Kila mmoja wetu, awe babake alikuwa upande gani, anajua kilichofuata. Mpaka wa uchaguzi huchorwa kwa kalamu, lakini matokeo yake huwafikia watu majumbani mwao. Basi anayeishika kalamu ile, na anayekaa juu yake kuihukumu, ni watu wa kuwajua kwa majina.

Nawaachieni neno hili. Katika mwaka 1870 mtu mweusi, Jonathan Jasper Wright, aliingia katika Mahkama ya Juu ya South Carolina, wa kwanza katika Marekani nzima. Ilipofika 1877 alikuwa amekwisha lazimika kujiuzulu, kwa kuwa wale waliomweka walikuwa wakinyang'anywa kura zao. Jaji na mpiga kura walianguka pamoja. Anayekulinda mahkamani naye analindwa na kura yako. Watu weusi wa Marekani waliolitambua hilo hivi leo wanahesabu viti vya majaji kama mvuvi anavyohesabu ngalawa zilizorudi jioni, na haki wanayo.